Usifunge mota za waipa kwenye fremu ya chuma kabla hujapima bodi

Mkuu, hizo bolti usizikaze kwanza. Umesema una mota mbili za waipa za 12V na fremu ya pembe za chuma, na kesho unazifunga ili roboti yako ya maonyesho ya shule hapa Tanga itembee: R2-D2 ya mwanzo, ile roboti fundi wa vyombo vya angani ya filamu ya Star Wars ya 1977, kimo mita 1.09. Ukizifunga hivyo, itakwenda mbele vizuri kabisa, watu watapiga makofi, na kona ya kwanza tu utaona moshi.

Sababu ni hii. Mota nyingi za waipa brashi yake ya hasi (kipande cha kaboni kinachopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) imeungwa kwenye bodi ya mota yenyewe, yaani ganda lake la chuma. Kwenye gari hakuna tatizo, kwa sababu bodi nzima ya gari ni hasi na mota inazunguka upande mmoja siku zote. Vyuma vya nje ndivyo vinavyopeleka na kurudisha mkono wa waipa. Roboti inabidi igeuze umeme ili irudi nyuma. Ukigeuza, bodi ya mota inakuwa chanya. Zikienda mbele zote mbili, bodi zote ni hasi, salama. Ukitaka igeuke papo hapo, moja mbele moja nyuma, bodi ya huku ni hasi na ya kule ni chanya, na zote zimekazwa kwenye chuma kimoja. Hiyo ni shoti kamili kupitia draiva zako, vile vifaa vinavyowasha na kugeuza umeme wa mota. Betri ya 7Ah inaonekana ndogo, lakini kwenye shoti inatoa makumi ya ampea bila kusita.

Wanaonikera ni hawa wa video. Anaweka mota juu ya meza ya mbao, anaipeleka mbele, anairudisha nyuma, kisha anakwambia sasa kaifunge kwenye chuma. Mbao haipitishi umeme, ndugu yangu! Jaribio lake halijapima kitu. Na muuza spea anayekuapia kuwa mota zote ni sawa, nyeusi ndiyo hasi, usimsikilize. Rangi za waya zinabadilika gari hadi gari.

Pima hivi. Kwangua rangi ya bodi kwa msasa mpaka chuma king'ae, weka multimeta kwenye mlio, ncha moja kwenye bodi, nyingine pitisha waya mmoja mmoja. Ikilia hata kwa waya mmoja, mota hiyo haifai kufungwa ilivyo.

Usije ukadhani washa za plastiki chini ya bolti zinatosha. Shafti ya gia nayo inagusa bodi, kwa hiyo umeme unapita kwenye mnyororo, unafika kwenye ekseli, unarudi kwenye fremu. Dawa ni kuifungua. Chora mstari kwa msumari kati ya kopo la sumaku na nyumba ya gia kabla ya kulegeza skrubu, maana ukilirudisha kopo kinyume mota itazunguka upande mwingine. Shikilia brashi, springi zake zinaruka. Tafuta ile yenye waya uliobanwa kwenye bodi, ukate, lehemu waya laini wa 2.5 mm² na uutoe nje kwenye tundu lenye mpira. Kata pia waya za ile swichi ya kuegesha waipa, kwa sababu sahani yake mara nyingine inagusa mfuniko. Funga, pima tena. Mita inyamaze kwa kila waya.

Brashi zikiwa tatu, tumia ya mwendo mdogo, inayotazamana moja kwa moja na ya hasi. Ile ya mwendo mkubwa imekaa pembeni, hivyo mbele na nyuma hazitalingana.

Draiva ya L298N uliyoitaja ni ya 2A kwa kila upande. Mota ya waipa ikikwama inavuta mara kadhaa ya hapo. Chukua BTS7960, moja kwa kila mota. Zimeandikwa 43A, ila usizitegemee hata nusu bila kupozwa vizuri. Fyuzi ya 15A kwa kila mota, karibu kabisa na kichwa chanya cha betri. Hasi ya betri isiguse fremu popote.

Najua unataka chuma kwa kuwa zile za 1977 zilitumia alumini. Lakini ile ya miguu miwili ilikuwa na mtu ndani, mwigizaji Kenny Baker. Yako ina mota.

Kichwa cha PLA, ile plastiki ya printa ya 3D, kinalainika karibu nyuzi 60 za Selsiasi, kwa hiyo usikiache ndani ya gari lililofungwa juani. Rangi na sauti zisubiri. Pima leo, andika hapa kila waya umesoma nini, na mota ya kuzungusha kichwa nayo ipime kama ni ya gari.