Mnauliza, Tunajibu: Kupima Jinsia Katika Habari za Siasa

SWALI: Mhariri, naandika tasnifu ya uzamili kuhusu jinsi gazeti moja la kila siku lilivyowaandika wagombea wanawake katika mwaka wa uchaguzi. Matoleo ni mengi mno. Nikisoma kila toleo la saba itatosha?

JIBU: Hiyo ndiyo hesabu ya kuepuka kuliko zote. Gazeti likitoka siku saba kwa wiki, kila toleo la saba litakuangusha siku ileile mwaka mzima. Ukianzia Jumapili, tasnifu yako itahusu gazeti la Jumapili tu, lenye makala ndefu na siasa chache.

Njia iliyozoeleka ni wiki ya kuundwa. Orodhesha Jumatatu zote za mwaka, uchague mbili kwa kura. Fanya hivyo kwa Jumanne, hadi Jumapili. Utapata matoleo 14. Watafiti Riffe, Aust na Lacy walionyesha mwaka 1993 kwamba wiki mbili za namna hii zaweza kuwakilisha mwaka mzima wa gazeti la kila siku.

Lakini wao walipima maudhui ya kawaida, na wagombea wanawake si maudhui ya kawaida. Ndani ya matoleo 14 waweza kuambulia habari chache zisizobeba hoja yoyote. Kwa hiyo gawa mwaka: siku za kampeni soma matoleo yote, miezi mingine tumia wiki za kuundwa. Usizijumlishe sehemu hizo mbili kana kwamba zilichaguliwa kwa njia moja.

Ukitafuta kwenye hifadhi ya kidijitali, usitafute kwa neno “mwanamke”. Utaokota tu habari ambazo mwandishi aliona jinsia ni jambo la kutajwa, kisha utashangaa kwamba jinsia inatajwa kila mahali. Tafuta kwa majina ya wagombea wote, wanaume na wanawake, pamoja na tahajia zake tofauti. Hifadhi nakala ya kila habari na tarehe uliyoipata, maana vichwa vya habari mtandaoni hubadilishwa kimyakimya.

SWALI: Mimi na mwenzangu tulisimba (tuliainisha kwa fomu) habari 100, kila mmoja peke yake, kuona kama zinamdhalilisha mgombea. Tulikubaliana kwa asilimia 94. Msimamizi amekataa. Kwa nini?

JIBU: Msimamizi wako yuko sahihi. Tuseme nyote mlijibu “hapana” kwa habari 92, nyote “ndiyo” kwa 2, na mkatofautiana kwa 6, kila mmoja akiwa na “ndiyo” zake 3. Jibu la “hapana” limetawala kiasi kwamba hata mngejaza fomu kwa kubahatisha, kwa uwiano huohuo wa majibu, mngekubaliana kwa takribani asilimia 90. Ukiondoa bahati hiyo, alfa ya Krippendorff, yaani kipimo cha makubaliano ya wasimbaji ambapo 1 ni makubaliano kamili, inabaki kama 0.37. Krippendorff mwenyewe alitaka angalau 0.800; ikiwa kati ya 0.667 na 0.800, hitimisho liwe la tahadhari. Zile habari 8 ambazo angalau mmoja wenu aliona udhalilishaji ndizo kiini cha utafiti, na mmekubaliana kwa 2 tu.

Tatizo kwa kawaida si wasimbaji bali swali. “Inamdhalilisha?” ni hukumu, na kila mtu ana mizani yake. Livunjeni liwe mambo yanayoonekana kwa macho: hali ya ndoa imetajwa? Watoto? Mavazi? Ameitwa kwa cheo chake au kwa jina la kwanza tu? Maneno yake yamenukuliwa moja kwa moja? Kila swali lijibiwe kwa wanaume pia. Bila hivyo hutajua kama watoto wa mgombea mwanamume nao huandikwa.

Habari za Kiswahili zina mtego wake: “alisema” haikuambii jinsia ya msemaji. Andikeni kanuni mapema kwamba jinsia itatokana na jina, cheo kama Bi au Bwana, au picha, na kisipopatikana hata kimoja jazeni “haijulikani”. Msikisie kwa wadhifa.

Mkishasahihisha mwongozo, jaribuni kwa habari mpya. Na alfa ikokotolewe kabla ya kujadili tofauti zenu. Mkishasuluhishana kwanza, namba hiyo haina maana tena.

SWALI: Nimekuta wanawake ni asilimia 16 ya wanasiasa waliotajwa. Je, gazeti linabagua?

JIBU: Asilimia 16 ya nini, ukilinganisha na nini? Ikiwa wanawake walikuwa asilimia 15 ya wagombea, gazeti limefuata orodha ya vyama, na swali lihamie kwa vyama. Linganisha wagombea wa nafasi moja, na utenganishe anayetetea kiti na mgeni, kwa sababu mwenye madaraka huandikwa zaidi, awe mwanamke au mwanamume. Ufuatiliaji wa kimataifa wa vyombo vya habari, GMMP, unaofanywa kila baada ya miaka mitano, ulikuta wanawake asilimia 17 ya watu walio katika habari mwaka 1995 na 25 mwaka 2020. Namba hizo zinajumlisha kila aina ya mtu, mhanga na mtaalamu pia, kwa hiyo si kipimo cha wagombea wako.

SWALI: Nikiwahoji waandishi wanawake kuhusu matusi ya mtandaoni, kubadilisha majina kunawalinda?

JIBU: Hakutoshi. Kama dawati la siasa lina wanawake wawili, “mwandishi mwandamizi wa siasa” ni jina tosha. Mweleze kwa maneno ya jumla zaidi, na tusi ulieleze badala ya kulinukuu neno kwa neno, maana linatafutika mtandaoni. Orodha inayounganisha majina halisi na ya kubuni ikae faili tofauti lenye nywila. Ukitaja uchunguzi wa 2020 wa UNESCO na ICFJ (kituo cha kimataifa cha waandishi wa habari), andika kwamba asilimia 73 waliosema wamepata ukatili wa mtandaoni ni ya wanawake waliojibu dodoso, si ya waandishi wanawake wote.