Kwa Anayeanza Cherehani: Usiupime Mkono kwa Kazi ya Leo

"Fundi, mimi nitaweza kweli?" Karibu kila anayekuja kwangu kujifunza ushonaji huuliza hivyo wiki ya kwanza, na huuliza jioni, baada ya mshono kwenda mrama tangu asubuhi. Namwambia asiamue jioni ile. Kazi aliyoifanya leo na ujuzi ulioingia leo ni vitu viwili, na mara nyingi haviendi pamoja.

Cherehani cha miguu kinadai mambo matatu kwa mpigo. Miguu ikanyage pedali kwa mwendo mmoja, mkono wa kulia uanzishe gurudumu na kulisimamisha, wa kushoto uongoze kitambaa. Gurudumu likirudi kinyume, uzi unakatika. Kwa hiyo uzi nauondoa kabisa. Mwanafunzi anakanyaga tu, anasimamisha, anaanza upya, mpaka gurudumu likubali kwenda upande mmoja bila yeye kuliwaza. Kisha nampa karatasi ya daftari, atoboe juu ya mistari kwa sindano tupu. Baada ya hapo namchorea duara, halafu kona: sindano ibaki chini, chuma kinachokandamiza kiinuliwe, karatasi igeuzwe. Ukiruka hatua hii ili uwahi kushona gauni, utalipa baadaye kwa vitambaa vya wateja.

Anayeanza hukodolea macho sindano, au vidole vyake mwenyewe. Mimi humwambia aangalie ukingo wa kitambaa uende sambamba na ukingo wa kile chuma, basi. Jambo hili lina ushahidi. Mwaka 1998 mtafiti Gabriele Wulf na wenzake walifundisha watu kwenye mashine ya kuiga mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Walioambiwa wafikirie magurudumu ya mashine walijifunza vizuri kuliko walioambiwa wafikirie miguu yao. Ukianza kukiamrisha kila kidole, mkono unakakamaa.

Hata maelezo mengi hayafiki mkononi. Kuna Mmarekani aliyeitwa Henry Molaison, aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1953 akapoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo. Siku baada ya siku mchoro ukawa bora, ingawa yeye hakukumbuka kwamba aliwahi kuifanya kazi ile. Mkono una kumbukumbu yake, nayo hupita njia nyingine kabisa. Kwa sababu hiyo naonyesha mara moja au mbili, kisha nakaa pembeni. Mshono ukipinda sikimbilii kuushika mkono wake. Namwuliza kwanza: umeona umepindia wapi? Ubongo hujirekebisha kwa kulinganisha ulichokusudia na kilichotokea, na mwalimu anayesahihisha kila sekunde anamnyima mwanafunzi nafasi hiyo.

Sasa nifike penye ubishi, kwa maana hapa mafundi wengi hawakubaliani nami. Wao humpa mwanafunzi kola, kola, kola, mpaka wiki iishe, halafu zipu, halafu mfuko. Kazi inapendeza upesi, na mzazi akipita anafurahi. Mimi nachanganya: kola moja, zipu moja, mfuko mmoja, turudi kwenye kola. Wanafunzi wananung'unika, kwani kila wakirudi wanahisi wamesahau. Lakini kule kuitafuta upya njia ndiko kunakojenga ujuzi. Watafiti Goode na Magill walilipima jambo hili mwaka 1986 kwa aina tatu za pigo la kuanzisha mchezo wa mpira wa vinyoya (badminton). Walipopimwa baada ya mazoezi kwisha, waliozichanganya aina hizo waliwashinda waliofanya aina moja mpaka iishe ndipo waende nyingine, hata walipohamishiwa upande mwingine wa uwanja.

Kuhusu muda, saa moja kila siku ni bora kuliko Jumamosi nzima. Watafiti Baddeley na Longman walichapisha mwaka 1978 utafiti juu ya wafanyakazi wa posta Uingereza waliokuwa wakijifunza kupiga taipu. Waliofanya saa moja kwa siku walihitaji jumla ya saa pungufu za mazoezi kuliko waliofanya saa nne kwa siku, ila siku zilikuwa nyingi, na wao ndio ambao hawakuridhika sana na ratiba yao kama wenzao. Ukiona unakwenda polepole, wakumbuke watu hao. Ukichoka, simama. Mgongo ukishauma, unachokizoeza ni ukaaji mbaya, na ukaaji mbaya nao huwa ujuzi, tena ni mgumu kuung'oa.

Mama mmoja alirudi kwangu baada ya kulea watoto, hajagusa mashine kwa miaka. Miguu yake ilishika mwendo siku ile ile. Kilichomtoka ni mpangilio wa zipu ya suruali, nini kitangulie na nini kifuate. Hilo ni la kawaida: mwendo wa mwili hudumu, mfuatano wa hatua ndio huponyoka. Kwa hiyo kila unapojifunza kitu chenye hatua nyingi, shona kipande kidogo kwa kila hatua, kibandike kwenye daftari, ukiandikie namba, na daftari likae kwenye droo ya cherehani.