Leso Ilipobanduka Ukutani

Wiki iliyopita msichana mmoja wa Likoni, hapa Mombasa, aliniandikia akitaka kujua ninatumia gundi gani katika kolaji zangu, yaani picha za kubandika nguo na vitu vya kuokota, kwa kuwa yake imeanza kubanduka kabla hata hajaionyesha kwa watu. Swali hilo lilinitonesha kidonda.

Mwaka 2019 hoteli moja ya Nyali ilinunua kazi yangu ya upana wa mita mbili. Nilikuwa nimekata pindo za leso, yaani kanga, nilizonunua Mtaa wa Biashara, nikazipanga kama mawimbi juu ya ubao, nikatia vifuniko vya soda na vipande vya kandambili nilivyookota ufuoni, na chini kabisa nikabandika jina la leso lenyewe: WEMA HAUOZI. Nilijiona nimefika. Nilikuwa nimesoma jinsi wachoraji Picasso na Braque walivyobandika vitu kwenye picha zao mwaka 1912, na jinsi El Anatsui, Mghana aliyefanyia kazi Nsukka, Nigeria, anavyogeuza vifuniko vya chupa kuwa kama shuka la kifalme. Lakini sikuzingatia kwamba vifuniko vyake hushikanishwa kwa waya wa shaba, wala si kwa gundi.

Masika yalipoingia, niliitwa. Herufi tatu za mwisho zilikuwa zimedondoka, mahali pake pameota koga ya kijani, na kutu ya vifuniko imechora duara za hudhurungi kwenye nguo nyeupe. Meneja alinisomea kwa sauti kilichobaki, "Wema hau…", na wafanyakazi wake wakaangua kicheko. Pesa nilizirudisha zote, ingawa nusu nilikuwa nimeshazila.

Kosa langu lilikuwa uvivu wa kufua. Leso mpya imejaa kanji, na gundi ikipakwa juu yake hushika kanji badala ya kushika uzi, kwa hiyo unyevu ukiingia kila kitu huachia. Siku hizi naifua mara mbili, ile nyekundu nikiitenga kwa sababu huchuja, kisha naianika kivulini mpaka ikauke kabisa. Gundi ya unga nimeiacha, kwani mende wa Mji wa Kale huila kama chakula chao. Gundi nyeupe ya maseremala naitumia kushikiza tu, halafu kila kipande nakipiga mshono wa mkono. Vifuniko navipaka vanishi pande zote mbili na kuvifunga kwa waya.

Kwa hiyo, mwanangu, fua. Ninyi vijana mnataka picha ipigwe na isifiwe kabla nguo haijakauka kambani, na mkiambiwa mfue mnaona mnacheleweshwa. Fua, kisha shona, na ukichoka kushona, lala, uendelee kesho.

Kazi ile ya Nyali ningali nayo. Nimeitundika juu ya cherehani yangu, na zile herufi tatu sijazirudishia.