Kabla hujalipia kichupa, jiulize mtazamaji wako yuko wapi

Wasanii chipukizi wanaonifuata niwapigie video huanza, karibu wote, na habari za vifaa. Kamera gani? Drone ipo? Gari kali tutapata? Mimi huwauliza kwanza: huyo unayemwimbia atakitazama kichupa chako akiwa wapi, kwenye kioo gani, na kwa gharama ya nani? Nimepiga na kuhariri video za nyimbo kwa miaka sasa, na kila nikirudi kwenye historia ya kazi hii naona majibu ya maswali hayo ndiyo yaliyoipa video sura yake, zama baada ya zama.

Anza na Marekani ya miaka ya 1940. Kampuni ya Mills Novelty ya Chicago ilitengeneza Panoram, kabati kubwa lenye projekta ndani na kioo mbele, likawekwa kwenye mabaa na migahawa. Ukitumbukiza senti 10 unaonyeshwa filamu ya wimbo mmoja, dakika kama 3. Filamu 8 ziliunganishwa kwenye mkanda mmoja, kwa hiyo mteja hakuchagua: aliona iliyokuwa zamu yake. Hebu jiweke kwenye nafasi ya mwanamuziki. Mtazamaji yuko katikati ya kelele, kinywaji mkononi, wala hakukuomba wewe. Zitafute filamu hizo za wanamuziki kama Cab Calloway au Louis Jordan, maana nyingi zimo YouTube, uone uso unavyofanya kazi: macho, meno, mabega, kila kitu kinaimba.

Nyimbo zile zilirekodiwa kwanza, kisha zikachezwa kwenye spika wakati wa kupiga picha, msanii akafuatisha. Leo bado tunafanya hivyohivyo, na hapo ndipo chipukizi wengi wanapoangukia. Ukiwa lokesheni imba kwa sauti yako yote, hata kama sauti hiyo haitatumika. Anayechezesha midomo tu hujulikana mara moja, kwa sababu shingo haikazi na kifua hakipandi. Na kama unataka kipande cha mwendo wa taratibu huku midomo ikienda sawa na wimbo, mwambie muongozaji apige kwa fremu, yaani picha moja moja, 50 kwa sekunde huku wimbo ukichezwa kwa kasi mara mbili, halafu kwenye uhariri arudishe kwenye fremu 25 kwa sekunde. Fanya mazoezi nyumbani kabla, kwa sababu mashairi kwa kasi hiyo huchanganya ulimi.

Televisheni ilipoingia, swali likabadilika. Mwaka 1975 kundi la Queen la Uingereza lilihitaji kuonekana kwenye Top of the Pops, kipindi cha muziki cha televisheni, na wimbo wa Bohemian Rhapsody, ambao kuupiga jukwaani ulivyorekodiwa ilikuwa kazi ngumu. Bruce Gowers akawaongoza kwenye video iliyorekodiwa kwa saa chache tu katika studio za Elstree. Zile nyuso zinazojizidisha hazikutoka kwenye kompyuta. Nyingine zilitoka kwenye lenzi maalumu mbele ya kamera, nyingine kwa kuielekeza kamera kwenye kioo cha televisheni kinachoonyesha picha ya kamera hiyohiyo. Jambo hili linanifurahisha mpaka leo. Kwa hiyo ukiwa na bajeti ndogo, tafuta wazo moja linaloweza kufanyika mbele ya lenzi: kioo kilichopasuka, maji, kivuli ukutani, taa moja inayotembea. Wazo moja lililokamilika linashinda mabadiliko sita ya nguo.

MTV, stesheni ya Marekani ya video za nyimbo, ilianza tarehe 1 Agosti 1981 ikiwa na akiba ndogo ya video, na makundi ya Uingereza yaliyokuwa tayari na zao yakapata umaarufu Marekani kwa njia hiyo. Wasanii weusi waliachwa pembeni, na ukuta ule ulianza kubomoka mwaka 1983 kwa Billie Jean ya Michael Jackson. Desemba mwaka huohuo ikaja Thriller ya muongozaji John Landis, karibu dakika 14. Ilikuwa kazi kubwa mno, lakini usiige urefu wake. Jackson alikuwa tayari anasubiriwa na dunia nzima, wewe unajitambulisha.

Kwetu mambo yalikuja kwa njia nyingine. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, wakati Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Bongo Fleva na runinga vilikua pamoja, na miaka ya 2000 waongozaji kama Adam Juma wakaonyesha kwamba kichupa cha Dar kinaweza kuwa na mwonekano wake. Mlango ulikuwa stesheni: isipopigwa hapo, haijulikani. YouTube ilipoanza 2005 mlango huo ulianza kupanuka, na sasa mtazamaji wako yuko kwenye daladala, simu mkononi, jua linapiga kioo, na bando analipa mwenyewe.

Huyo mheshimu. Usimlipishe sekunde 40 za drone juu ya bahari na jina la kampuni ya uzalishaji likizungukazunguka. Picha ya mbali mno kwenye simu inakufanya uonekane kama sisimizi, hivyo pesa ya drone itie kwenye taa na mtu wa kukupamba. Kabla ya kuidhinisha kazi, iangalie kwenye simu ya bei ya chini, nje, mchana. Kama uso wako hausomeki, mrudishie mhariri. Panga pia mapema vipande vya kusimama wima kwa ajili ya TikTok na Instagram, usisubiri kukata pembeni baadaye.

Jambo la mwisho nalisema kwa uchungu. Vichupa vingi vya Bongo Fleva ya mwanzo ninavyovikuta mtandaoni vina ukungu wa kanda iliyonakiliwa mara nyingi. Take On Me ya kundi la a-ha, video ya mwaka 1985, ilitolewa upya kwa ubora wa juu wa picha uitwao 4K mwaka 2019. Jambo la aina hiyo linawezekana tu pale chanzo cha picha kinapotunzwa vizuri. Kwa hiyo kwenye makubaliano yako na muongozaji andikeni kwamba utapewa faili kuu isiyobanwa pamoja na picha ghafi, uziweke kwenye diski mbili, nyumba mbili tofauti. Zidai kabla hujamalizia malipo.