Bastola ya Kwanza kwa Asiyewahi Kufyatua Risasi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tumeamua kuomba kibali cha kumiliki silaha kwa ajili ya kujilinda nyumbani. Sijawahi kufyatua risasi maishani. Kila ninayemuuliza hunishauri ninunue rivolva (bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka) ndogo na nyepesi kabisa, kwa kuwa mimi ni mwanamke na mikono yangu ni midogo. Je, ushauri huo ni sahihi?
Msomaji mwenye mikono midogo

JIBU: Ndugu msomaji, waliokushauri wana nia njema, lakini wanachanganya udogo wa silaha na urahisi wa kuitumia. Risasi ya aina moja ikifyatuliwa katika silaha mbili, ile nyepesi ndiyo inayoruka nyuma kwa kasi zaidi na kuuumiza mkono. Rivolva nyingi za mfukoni zina uzito wa gramu 400 hadi 450 hivi, mtutu wa sentimita 5 tu, na kifyatulio kinachohitaji nguvu ya takribani kilo 5 ili kukivuta hadi mwisho. Kidole basi kinavuta kwa nguvu inayozidi uzito wa silaha yenyewe mara kumi, hivyo mtutu huyumba kabla risasi haijatoka. Na kwa kuwa kilengeo cha mbele na cha nyuma vimekaribiana mno, kosa dogo la jicho huwa kosa kubwa penye shabaha. Hiyo ni silaha ya mtu aliyekwisha kubobea. Suala la wewe kuwa mwanamke halimo kabisa katika hesabu hii, ingawa wauzaji hupenda kulitaja.

Kwa anayeanza, napendekeza bastola ya magazini (kisanduku cha risasi kinachoingizwa ndani ya mpini), ya ukubwa wa kati au kamili, inayotumia risasi ya milimita 9, ambayo imekuwepo tangu mwaka 1902 na imeenea kiasi kwamba kuipata kwa ajili ya mazoezi si shida. Kwa kipimo tu, wala si kwa kuitangaza, bastola aina ya Glock 17 ina uzito wa gramu 700 hivi ikiwa na magazini tupu, huchukua risasi 17, na kifyatulio chake huhitaji karibu nusu ya nguvu niliyoitaja hapo juu. Uzito huo unaoonekana kero dukani ndio utakaokutuliza mkono unapofyatua.

Kuhusu mikono midogo, ishike bastola tupu huku mtutu ukiwa umenyooka na mkono wako hadi kwenye kiwiko, kisha uone kama ncha ya kidole cha shahada inafika kwenye kifyatulio bila kuupinda mshiko. Isipofika, jaribu nyingine. Baadhi ya bastola zina mipini ambayo mgongo wake hubadilishwa kulingana na kiganja. Wengi pia hulalamika kwamba hawawezi kukoki, yaani kuvuta nyuma slaidi (sehemu ya juu ya bastola) ili risasi ipande tayari kufyatuliwa, na mara nyingi ni kwa sababu hushika slaidi kwa vidole viwili. Ishike kwa kiganja kizima, kisha mkono wa pili uisukume bastola mbele, mtutu ukielekea upande ulio salama. Ikiwa hata hivyo inashindikana, labda kwa baridi yabisi, hapo ndipo rivolva inapofaa, lakini iwe ya chuma, yenye mtutu wa sentimita 10 na inayotumia .38 Special, aina ya risasi za rivolva.

Usinunue kabla ya kufyatua angalau aina mbili au tatu mbele ya mkufunzi, ukiwa umevaa miwani na vikinga masikio, kwani mlio wa bastola huzidi desibeli 140. Tenga pia fedha za mafunzo na risasi za mazoezi. Bastola ya bei ghali isiyofanyiwa mazoezi haikufai kitu.

SWALI: Mhariri, nina watoto wadogo. Je, yatosha kuiweka bastola juu ya kabati, magazini ikiwa imetolewa?
Baba wa watatu

JIBU: Haitoshi. Watoto hupanda, na watoto hupekua. Zaidi ya hayo, kutoa magazini hakuiondoi risasi iliyokwisha kuingia kwenye chemba (nafasi nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa tayari kufyatuliwa), na ajali nyingi za bastola inayodhaniwa kuwa tupu hutokana na risasi hiyo moja. Kidole kikiwa mbali na kifyatulio, anza kwa kutoa magazini, kisha vuta slaidi mara kadhaa, halafu kagua chemba kwa jicho na kwa kidole. Ukigeuza utaratibu huo, ukavuta slaidi kwanza, magazini itapandisha risasi nyingine. Baada ya hapo ifungie katika sefu iliyokazwa ukutani au sakafuni, yenye tarakimu za siri ambazo watoto hawazijui. Ikiwa unataka iwe karibu usiku, nunua sefu ndogo ya kando ya kitanda inayofunguka haraka, lakini chini ya mto isiwekwe kamwe.