Maswali na majibu: elektroni zinavyojipanga

Mwalimu katuambia ganda la tatu linabeba elektroni 18. Mbona potasiamu, yenye 19, tunaiandika 2:8:8:1 na si 2:8:9? (Kidato cha pili, Ngamiani)

Mwalimu yuko sahihi, na daftari lako nalo liko sahihi. Ganda ni tabaka la elektroni nje ya kiini cha atomu, na 2:8:8:1 ni idadi ya elektroni katika kila ganda, kuanzia la ndani. Kanuni ya 2n², n ikiwa namba ya ganda, inakupa idadi ya juu kabisa kwa kila ganda: 2, 8, 18, 32. Haikwambii zinajazwa kwa zamu gani.

Ganda la tatu lina maganda madogo matatu: s la elektroni 2, p la 6 na d la 10. Elektroni hukaa kwanza palipo na nishati ndogo. s na p zikijaa, umeshafika 8. Sasa ya 19 inakwenda wapi? Elektroni ya s hupenya hadi karibu na kiini, ikavutwa zaidi na protoni, kwa hiyo s ya ganda la nne inakuwa na nishati ndogo kuliko d ya ganda la tatu. Inaingia huko. Ya 20, ya kalsiamu, inaifuata. Kuanzia skandiamu (21) ndipo d inapoanza kupata watu: 2:8:9:2. Wanaokariri "mbili nane nane" wakikutana na chuma, 2:8:14:2, hudhani kitabu kimekosewa chapa.

Nikichemsha muhogo, maji ya chumvi yakimwagikia jiko, moto wa bluu unageuka njano. Gesi mbovu? (Mama, Makorora)

Gesi yako nzima. Ni sodiamu ya kwenye chumvi. Atomu yake ni 2:8:1. Joto huipandisha ile moja ya nje ngazi ya juu, nayo ikishuka huitoa nishati ile kama mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 589 hivi. Ngazi za sodiamu hazibadiliki, ndiyo maana njano ni ileile siku zote. Shaba hutoa kijani.

Mawe ya mapango ya Amboni ni ya chokaa, yamejaa kalsiamu. Kalsiamu ni metali, mbona hatuioni iking'aa? (Msomaji, Kiomoni)

Kalsiamu ni 2:8:8:2, na hizo mbili za nje ni za waja leo waondoka leo. Kalsiamu tupu ikikutana na maji au oksijeni huziachia upesi, ikabaki 2:8:8 kama gesi ya agoni. Pangoni imo katika hali hiyo, imeshikamana na kaboneti.

Elektroni huzunguka kiini kama sayari? (Chumbageni)

Hapana. Mwanafizikia Bohr alichora njia za duara mwaka 1913, na kwa haidrojeni hesabu yake ilikubali. Tangu 1926, kwa mlinganyo wa mwanafizikia Schrödinger, tunazungumzia uwezekano wa kuikuta elektroni mahali fulani. Kwenye mtihani wa kidato cha pili, chora duara zako.