Siku janga likitokea, utamsikiliza nani?

Mhariri, swali lenu la wiki linauliza kama elimu ya kujikinga na majanga iwe somo mashuleni au iachiwe serikali za mitaa. Jibu langu la haraka lilikuwa kwamba kote huko ni kupoteza muda, nilitaka niandike mistari miwili nikalale, ila swali limeniganda kichwani tangu juzi kwa hiyo mtanivumilia.

Semina za serikali ya mtaa si tunazijua. Mnaambiwa saa tatu asubuhi ofisi ya mtaa, mgeni rasmi anaingia saa sita kasoro, viti vya plastiki vya kukodi, kijana anafungua laptopu projekta haiwaki kwa sababu umeme umekatika, basi anasoma tu kwenye karatasi: maana ya maafa, aina za maafa, visababishi vya maafa. Mnapewa soda na maji, mnasaini, na akiuliza kama kuna swali mkono wa kwanza unaulizia nauli. Shuleni nako mtoto atakariri kwamba zimamoto ni 114, atapata alama zote, halafu anarudi kulala kwenye nyumba yenye nondo kila dirisha na geti la grili limepigwa kufuli kwa ndani, na funguo ilipo anajua baba peke yake.

Kwa hiyo mimi swali nalipindisha kidogo. Nani afundishe sijali sana. Siku likitokea, zile dakika za mwanzo ambazo hakuna difenda ya polisi wala gari la zimamoto wala mwandishi wa habari, utamsikiliza nani? Maana wanaofika kwanza siku zote ni watu tu. Bukoba, Novemba 2022, ndege imeingia ziwani ina watu 43, waliofika mwanzo ni wavuvi na mitumbwi yao, 24 wakatoka hai. Kariakoo, Novemba 2024, ghorofa limeporomoka, walioanza kushika vifusi kwa mikono ni watu wa hapo hapo sokoni. Nani aliwapa semina hao?

Sasa niwaambie ya Gongo la Mboto. Wa Dar mnaikumbuka, Jumatano ya tarehe 16 Februari 2011, mabomu ya kambi ya jeshi yalipoanza kulipuka usiku kama saa mbili na nusu hivi. Mimi nilikuwa mpangaji nyumba moja ya vyumba vingi, korido katikati, uwani choo na bomba, nyumba ambayo kila mtu anajua mwenzake kapika nini. Mlipuko wa kwanza tukasema transfoma. Wa pili bati likanyanyuka likarudi, vioo vya mbele vikamwagika, anga upande wa kambini jekundu kama mtu kachoma msitu. Hapo kila mtu na lwake. Wa chumba cha mbele kabeba redio badala ya mtoto, kweli nawaambia, mtoto kabebwa na mwingine. Na kulikuwa na kijana mmoja wa chuo, alikuwa amesomea huduma ya kwanza, ana cheti kakiwekea fremu ukutani kabisa, huyo ndo alikuwa wa kwanza kuruka ukuta. Tulimcheka miaka.

Aliyetusimamisha ni Bi Mkubwa, hivyo ndivyo tulivyokuwa tunamuita, mama wa makamo anauza vitumbua asubuhi, hajui hata kusoma vizuri. Alisimama kwenye mlango wa korido kajifunga kanga kiunoni akapiga ukelele mmoja ambao mpaka leo nikiufikiria nanyooka. Hakuna kutoka! Fungueni milango yote, ondokeni kwenye vioo, laleni chini korido, mikono kichwani, watoto katikati. Mtu mzima mwenye ndevu zangu nikalala chini. Akachukua kalamu ya mmoja wa watoto wa shule akaanza kuwaandika watoto namba za simu mkononi, mmoja mmoja, namba anatajiwa na mama mtu huku mama mtu analia, na kwa sababu yeye kuandika kunamchukua muda akampa binti wa darasa la sita aandike yeye awashike mikono isitikisike. Halafu akawafunga watoto kwa kanga, mkono kwa mkono, mnyororo. Mabomu yakipumua kidogo akasema sasa, twendeni, sio barabarani, njia ya ndani, tunaelekea upande wa Pugu, akiachwa mtu asirudiwe, tukutane kwenye shule.

Barabarani tulikoambiwa tusiende tulipapitia kwa mbali tukaona. Watu wanakimbia kila upande, wa kwenda mjini wanagongana na wa kwenda Pugu, magari yamesimama taa zinawaka wenyewe wameyaacha, mtu na taulo, mtu na sufuria. Simu hazitoki. Mtoto wa nyumba ya jirani yetu alipotelea hapo hapo, wazazi wakamkuta baadaye Uwanja wa Uhuru walikokuwa wamejazana watu na Msalaba Mwekundu wanaandikisha watoto waliopotezana na wazee wao. Mkononi hakuwa na namba. Wa kwetu hakupotea hata mmoja, na waliokufa usiku ule kwa eneo zima walizidi 20, kwa hiyo sisemi kwamba ni Bi Mkubwa aliyezuia bomu lisitudondokee, hiyo ni ya Mungu. Ila ya watoto kutopotea, ile ilikuwa ya kwake.

Alijulia wapi? Alikuwa akikaa Mbagala mwaka 2009. Aprili 29, mchana, mabomu ya kule, yeye alikuwepo na mjukuu wake alipotea hadi kesho yake. Basi. Hakwenda semina yoyote.

Nilikuwa nimeshajiandaa kuhitimisha hapa kwamba mnaona, elimu ya majanga ni yale yaliyokukuta, wataalamu wakapumzike. Lakini naandika huku nakumbuka mambo mawili yananiharibia hoja.

La kwanza ni yule kijana wa cheti. Tulimcheka, sawa, lakini alirudi alfajiri. Alitukuta kwenye ule uwanja wa shule, na kulikuwa na mama kakanyaga kioo, tumemfunga mguu na gauni na damu bado inatoka, wengine wanashauri majivu, mwingine mafuta ya taa. Kijana akawafukuza wote, akakandamiza, akanyanyua mguu juu ya begi, akafunga vizuri, akaenda kwa mwingine, na mwingine. Bi Mkubwa mwenyewe alikuwa upande wa majivu. Kwa hiyo kile cheti cha kwenye fremu hakikuwa bure, tatizo kilimfundisha jeraha hakikumfundisha hofu.

La pili ni kwamba ujuzi wa Bi Mkubwa ulifika Gongo la Mboto kwa sababu ya kodi tu. Chumba kilikuwa rahisi. Angepanga Tandika sisi tungekuwa barabarani na wenzetu. Kati ya Mbagala na Gongo la Mboto haipiti hata miaka miwili, mji mmoja, jambo lile lile, na hakuna njia nyingine yoyote ambayo somo la kule lilitufikia sisi zaidi ya mwanamke mmoja na vitumbua vyake. Alisharudi kwao Kilwa na hayo aliyonayo kaenda nayo.

Na yaliyowakuta wengine hayakufundishi wewe, hilo nalo inabidi nilikubali. Januari 2009 kule Sachangwan, Kenya, lori la mafuta limepinduka, watu wamekwenda na madumu, moto, zaidi ya watu 100. Tuliona kwenye taarifa ya habari, tukasikitika, tukasema hawa nao vipi. Miaka kumi baadaye, tarehe 10 Agosti 2019, asubuhi, Msamvu pale Morogoro, lori la mafuta, madumu, zaidi ya 100. Na msiniambie ni ujinga au tamaa, mtu anayeteka petroli ya bure anafanya hesabu ya siku yake, ila ile hesabu haina ndani yake kwamba mvuke wa petroli unatambaa chini unakwenda kutafuta cheche hata kwa anayechomoa betri ya lori. Hilo halijulikani kwa macho. Lazima ufundishwe, na Bi Mkubwa asingeweza kulijua.

Mtasema mbona mamlaka ya hali ya hewa inatuonya na tunawacheka. Ni kweli, Aprili 2021 kimbunga Jobo tulikisubiri Dar kikaishia baharini, meme zikajaa, halafu Mei 2024 waliposema kinakuja kimbunga Hidaya watu wakauliza huyo naye ni mdogo wake Jobo? Kisiwani Mafia, kilikopiga kweli, hawakucheka. Hapo mimi naona shida ni kwamba hatujawahi kuelezwa kwamba onyo lisipotimia haina maana mtu alikudanganya.

Basi nikibanwa nijibu swali lenu kama mlivyouliza, nasema shuleni. Sikutegemea kusema hivyo nilipoanza. Watoto wanahama na wazazi wao, wanabeba, yule binti wa darasa la sita aliyeandika namba mikononi usiku ule ndo angekuwa mwalimu wetu. Lakini isiwe somo la mtihani, ikiwa na mtihani imekufa. Iwe uwanjani, kengele ipigwe bila taarifa, watoto watambae kwenye moshi hata wa majani, waende nyumbani na kazi moja tu: muulize mama tukipotezana tunakutana wapi. Na aalikwe mtu yaliyomkuta, alipwe nauli yake, sio mgeni rasmi. Sheria ya maafa ya 2022 imesema kamati zishuke mpaka ngazi ya kijiji, sawa, basi hiyo kamati kazi yake iwe kujua nani mtaani hawezi kutembea, nyumba ipi ina mgonjwa wa kitandani, balozi wa nyumba kumi anayajua hayo toka zamani bila sheria.

Walimu watalalamika kwamba mzigo umezidi na wana haki, darasa la watoto 100 hulitoi nje kwa dakika mbili. Sina jibu la hilo. Na huku kwetu ninapokaa sasa hata watoto wakijua kila kitu, uchochoro wa kuingilia umebanwa na kuta za watu pande zote mbili, bajaji yenyewe inapita kwa kukunja vioo vya pembeni, gari la zimamoto litaishia kwenye duka la kona. Hapo mwenye kupelekwa darasani ni mwenye ukuta na aliyempa kibali.